Mnara Uliozimwa Lusangi

Lusangi, tarehe 9 mwezi wa pili 2024

Kwa mudogo wangu Antoine,

Mama ametaka salamu zake zitangulie zangu, basi zipokee: anakusalimu wewe, mke wako Aimée na mtoto, na anauliza kama mtoto anakula bugali au mmemzoeza mkate tu kama watu wa Kinshasa. Mimi pia nawasalimu. Sisi ni wazima. Mpunga umekomaa vibaya mwaka huu, masuke mengi ni maganda matupu, lakini sombe, majani ya muhogo, iko na hakuna aliyelala njaa.

Mama bado hajazoea kukaa kwangu. Tangu mto Lualaba ulipoingia nyumbani kwake Nyangwe na kuondoka na ukuta wa jikoni, anajiita mgeni. Anafagia uwanja mzima kabla sijaamka, na nikimkataza anasema hataki nimchoke. Jana alikaa mlangoni akataja majirani zake wa Nyangwe mmoja mmoja, nani alihamia wapi, kama anayeita watoto waje kula.

Sasa jambo lenyewe. Utashangaa kwa nini nakuandikia karatasi. Ni kwamba hatuna rezo, simu hazina mtandao. Mwezi uliopita watu wawili walikuja na gari nyeupe, wakaingia ndani ya uzio wa mnara wa simu, wakazima grupu, ile mashine ya umeme ya mazuti, yaani dizeli, iliyokuwa ikiunguruma usiku na mchana, wakafunga lango kwa mnyororo wao. Feruzi, mlinzi wa mnara, mume wa Mamy, akawauliza kama mnara umekufa. Mmoja akamjibu, "Haujakufa. Umezimwa juu ya mazingira. Moshi ya mazuti inaharibu mvua. Mafundi wenu wa Kinshasa ndio waliandika kuomba. Uwaulize wao."

Feruzi anajua unafanya kazi katika kampuni hiyo hiyo ya minara. Kila mtu hapa anajua, kwa sababu mimi mwenyewe niliwaambia, nikijivuna.

Antoine, zamani mwanamke akishindwa kujifungua hapa kwenye kituo changu cha afya nilikuwa napiga simu Kabambare, hospitali inatuma pikipiki ya wagonjwa. Sasa simu yangu imekuwa tochi tu. Wachimbaji wa dhahabu wengi wamehama tangu maji yajae kwenye mashimo yao, sisi tuliobaki ni wakulima, labda ndiyo maana wameona hatuna cha kusema kwenye simu.

Nauliza neno moja. Ni kweli mliomba mnara uzimwe?

Barua hii anaibeba Djamali, yule mfanyabiashara wa mawese, hadi Kasongo, na pale atampa mtu wa ndege. Usiniambie niende Kasongo nikupigie, sina wa kumwachia kituo. Na ujumbe wa kupitia simu ya mtu mwingine siutaki, mambo ya nyumba yetu yasomwe sokoni.

Dada yako,
Émérance


Kinshasa, tarehe 17 mwezi wa tatu 2024

Yaya Émérance,

Barua yako, dada yangu mkubwa, imefika na doa la mawese kwenye kona, na Aimée amesema hiyo peke yake ni salamu ya kutosha. Mwambie Mama kwamba mtoto anakula bugali, tena anaomba aongezwe. Aimée alikuwa na malaria, amepona. Hapa joto ni la kuchosha, na mvua ikinyesha barabara yetu inageuka mto, tunavuka tumevua viatu, watu na mifuko yao ya ofisini kichwani.

Nimefurahi Mama yuko kwako. Ile picha uliyonitumia siku ya mafuriko, Mama amesimama ndani ya maji nyumbani kwake ameshika sufuria, niliiangalia nikiwa kazini. Wewe unajua kazi yangu: nakaa mbele ya kioo cha kompyuta chenye ramani ya minara yote ya kampuni, mnara unaowaka ni kijani, wenye shida ni mwekundu. Kioo hicho hicho kinaonyesha mazuti yanayoungua kila mnara, kila saa. Siku ile niliangalia picha, kisha nikaangalia mazuti, nikashindwa kuendelea.

Tukaanza kuzungumza. Kwanza mimi na Chancelle, anayeandika programu, msichana asiyeogopa mtu. Baadaye Michel wa idara ya umeme, halafu wengine. Tulikutana saa ya chakula, nyuma ya jengo, karibu na mapipa ya takataka, kwa kuwa ndani ya jengo wakuu walikuwa wanapita pita. Kampuni inajitangaza kwamba inajali hewa, imepaka majani ya kijani kwenye magari yake, lakini minara karibu yote inakunywa mazuti. Tukaandika madai yetu, wengi wakatia sahihi. Mkurugenzi alitupokea na maji baridi na tabasamu. Tulipoona tabasamu halizai kitu, tukawaandikia wale wa Ulaya wanaoikopesha kampuni. Hapo ndipo tulisikilizwa. Mwezi wa kumi na mbili kampuni ikatangaza itapunguza mazuti kwa nusu. Yaya, tulicheza pale pale kwenye mapipa. Sijawahi kuona wafanyakazi wa Kinshasa wakishinda kitu.

Nina ombi. Tunaandaa mkutano mwingine na wakuu. Nataka Mama aeleze kwa maneno yake jinsi maji yalivyoingia nyumbani, wewe uandike, nami nitasoma. Wakuu wanachoka na tarakimu. Mtu wakimsikia, ni tofauti.

Mambo ya minara ya huko tunayafuatilia. Kuna mengi ndani yake, si ya kueleza kwenye karatasi moja.

Mdogo wako,
Antoine


Lusangi, tarehe 20 mwezi wa nne 2024

Antoine,

Tuko. Mama yuko, mguu unamuuma.

Nimesoma barua yako nikitafuta jibu langu. Nimekuta mapipa ya takataka, nimekuta maji baridi ya mkurugenzi, nimekuta ngoma mliyocheza. Jibu sikulikuta.

Maneno ya Mama sikuandikii. Nilimweleza ombi lako. Aliuliza, "Watanijengea ukuta wa jikoni?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi wanataka nini na mimi?" Hilo umjibu wewe.

Sasa sikiliza kilichotokea hapa. Mamy, mke wa Feruzi, alishikwa na uchungu kabla ya wakati. Feruzi alimleta juu ya baiskeli. Nilipomwangalia nikajua jambo hilo haliwezi kuishia mikononi mwangu, damu ilikuwa nyingi. Nikachukua simu. Ndiyo, Antoine, nilichukua simu, mkono ulishazoea, nikaiweka sikioni, kisha nikakumbuka.

Nikamwambia Feruzi, "Ukimbie kule kilimani, njia ya Kabambare. Wanasema kule juu rezo inashika kidogo."

Akaniuliza, "Na nikikosa?"

"Ukikosa, uendelee mupaka hospitali."

Akachukua pikipiki ya jirani. Mvua ilianza akiwa hajafika mtoni. Mimi nilibaki na Mamy na Mama yetu, ambaye alimshika kichwa akamwimbia nyimbo za kanisa la Nyangwe. Mamy aliniuliza kila mara kama pikipiki imefika, nikamwambia iko njiani. Haikuwa njiani. Feruzi kule kilimani alikosa rezo, akaendelea, akaanguka kwenye matope, akainuka, akafika hospitali akiwa hawezi kusema vizuri. Pikipiki ya wagonjwa ilifika hapa giza likiingia.

Mamy yuko hai. Mtoto alikuwa wa kiume. Alikuwa amekwisha kufa.

Sasa Feruzi anaenda kila asubuhi kusimama chini ya mnara. Mshahara hamna, kazi hamna, lakini anaenda. Ameniuliza tena kama ni kweli ninyi ndio mliomba. Nilimwambia sijui. Niliona aibu kusema sijui, kwa maana niliona kwamba wewe unajua.

Émérance


Kinshasa, tarehe 2 mwezi wa sita 2024

Yaya,

Msalimie Mama, msalimie kila mtu. Sitauliza habari za Mamy kama vile sizijui. Mpe pole, kama pole yangu inaweza kupokelewa.

Barua yako nimekaa nayo siku nyingi. Nilianza kujibu, nikachana. Jibu ni hili.

Ndiyo, tuliandika. Tuliandika kwamba kampuni ipunguze mazuti kwa nusu ndani ya mwaka mmoja. Hatukuandika "zimeni minara." Lakini hatukuandika pia ipunguze kwa njia gani. Sisi tuliona sola tayari, tulikuwa tumeshaziona akilini zikimeta juu ya kila kilima. Kampuni ilikaa ikatafuta njia rahisi: minara yenye simu chache, iliyo mbali, inayokula mazuti mengi, ikazimwa. Mazuti yamepungua kweli. Wamewatumia wale wa Ulaya picha yenye majani, wamepongezwa.

Kwenye kioo changu mnara uliozimwa ni kijivu. Lusangi niliiona ikigeuka kijivu mwezi wa kwanza, kabla ya barua yako. Nilijua. Tulikaa nyuma ya jengo, Chancelle akasema tupige kelele siku hiyo hiyo. Wengine wakasema tusubiri, tukilalamika wakuu watasema, angalieni, hawa wa mazingira ndio wanaonyima vijiji simu, na kazi yote itavunjika. Mimi nilikuwa upande wa kusubiri. Mimi, mtu wa huko huko Maniema. Chancelle aliniangalia, akarudi ndani.

Barua yako iliponifikia niliipeleka kwenye mkutano na wakuu. Nilisoma ile sehemu ya Mamy. Sikutaja majina wala mahali. Sikukuomba ruhusa, na maneno ya Mama ulikuwa umeninyima. Ukikasirika uko sawa.

Baada ya kusoma tulidai minara yote iliyozimwa iwashwe tena kwa sola. Chancelle alisema, "Sola ziko ndani ya depo yenu kule Kindu tangu mwaka jana. Hazijafunguliwa hata."

Mkurugenzi akauliza, "Unaijua njia ya kutoka Kindu kwenda Kabambare?"

"Ni ile iliyopitisha mazuti miaka hii yote?"

Mkurugenzi alisema atafanya uchunguzi. Tangu siku hiyo wanatuita mmoja mmoja. Michel ameondoa jina lake, ana watoto sita na mama mgonjwa, simlaumu, ila hasimami tena na sisi saa ya chakula. Anakula peke yake ndani ya gari lake.

Nimechoka, Yaya. Tulitaka moshi upungue, moshi umepungua, na angalia.

Antoine


Lusangi, tarehe 14 mwezi wa saba 2024

Mudogo wangu,

Mama anakusalimu, mguu umepata nafuu. Kiangazi kimekausha kila kitu, vumbi limeingia hadi kwenye sufuria. Karanga zilizookoka tumezivuna.

Nilikasirika, ndiyo. Kwanza kwa kunyamaza kwako, pili kwa kusoma. Lakini ya Mamy si yangu kusamehe. Nilienda kwake nikamweleza kwamba habari yake ilisomwa Kinshasa mbele ya wakubwa, bila jina. Alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua. Halafu akauliza, "Walilia?"

Nikamwambia sijui.

Akasema, "Umuulize."

Basi nakuuliza.

Na Feruzi nimemjibu sasa. Nilimsomea maneno yako jinsi ulivyoyaandika: mliomba mazuti yapungue, hamkusema mnara uzimwe, hamkusema usizimwe. Alisikiliza mpaka mwisho. Alisema tu kwamba angependa mngemwuliza yeye kwanza, maana yeye ndiye aliyekuwa akimimina hayo mazuti, na kikohozi chake kimetoka humo humo, hakuna anayeupenda moshi huo.

Wiki iliyopita lilikuja lori. Msimamizi mmoja, dereva, na vijana wa kubeba. Walisema wametumwa kung'oa grupu na betri, kila kitu kinarudi Kindu. Feruzi alikuja kituoni mbio. Ilikuwa siku ya kupima watoto uzito, uwanja umejaa wanawake. Antoine, mimi sikupanga chochote. Nilisema tu, "Wakiondoa ile mashine, hawatarudi tena hapa." Wanawake wakafunga watoto mgongoni, tukaenda.

Tuliketi mbele ya lango. Mama alibebewa kiti chake. Msimamizi alikuwa kijana wa adabu, simsemi vibaya. Alisema, "Wamama, hii ni mali ya kampuni, munazuia kazi."

Nikamwambia, "Tunajua ni ya kampuni. Leteni sola, munabeba grupu siku ile ile. Tutawasaidia kupandisha kwenye lori."

"Mimi sina habari ya sola."

"Ziko Kindu ndani ya depo. Mudogo wangu ameniandikia kutoka Kinshasa."

Akamgeukia Mama kwa kuwa ndiye mzee. "Mama, tafazali, usogee kidogo."

Mama akasema, "Mimi ni mugeni hapa. Maji ilinifukuza kwangu. Sina tena pa kusogea."

Msimamizi akatoa simu awaulize wakubwa wake. Akaiangalia. Akainyanyua juu ya kichwa, akazunguka lori nayo, akairudisha mfukoni. Watu walijizuia, lakini Mama alicheka mpaka machozi, na baada yake dereva naye.

Chefu, mkuu wa kijiji, alikuja, akazungumza nao kando, akaturudia akasema yeye hajaona karatasi yoyote ya kuruhusu. Lori likaondoka tupu. Tangu siku hiyo tunalinda lango kwa zamu, na Mamy amejiweka kwenye zamu ya asubuhi pamoja na mume wake. Anaenda na mchele wake anachambulia pale.

Sasa ninyi wenye sahihi mnafanya nini?

Émérance


Kinshasa, tarehe 30 mwezi wa nane 2024

Yaya Émérance,

Sisi ni wazima, Aimée anasalimu. Mtoto ameng'oka jino la mbele na anataka bibi yake ajue.

Mwambie Mamy hawakulia. Sitamdanganya. Walikuwa watano mezani. Mmoja aliangalia saa. Mkurugenzi aliandika kitu kwenye karatasi yake, nilipopita nyuma yake niliona ni mistari tu. Mama mmoja wa idara ya hesabu alifunika mdomo kwa mkono, huyo ndiye pekee niliyemwona ameguswa. Chancelle alitoka nje ya chumba kabla sijamaliza. Mimi nilisoma vibaya, haraka haraka, sijui kama walisikia kila neno.

Habari za lori zilitufikia kabla ya barua yako. Dereva alifika Kindu akaeleza wenzake habari ya kiti cha Mama, na madereva wa depo wakasema hawaendi tena kung'oa mnara wa mtu mpaka wapewe cha kupeleka. Hilo halikuandikwa na mtu yeyote wa Kinshasa. Sisi tulipolisikia tuliona haya. Tukagoma. Tulikaa mbele ya vioo vyetu, tumekunja mikono. Mnara ukipata shida katikati ya jiji, ukabaki na shida yake. Wenye kampuni za simu walianza kuwapigia wakuu wetu kwa hasira, na wale wa Ulaya nao wakauliza imekuwaje giza la vijijini likahesabiwa kuwa hewa safi.

Kampuni imekubali sehemu. Minara michache itapata sola kabla ya mwaka kuisha, Lusangi imo. Mingine wamesema "itaangaliwa," na neno hilo sasa tunalijua. Chancelle wamemfukuza. Walimwita asubuhi, akarudi kuchukua mkoba wake na mlinzi nyuma yake kama mwizi.

Mimi niko. Ukifika Kasongo usinipigie kwa sasa, simu yangu inasumbua. Tumia Djamali.

Antoine


Lusangi, tarehe 6 mwezi wa kumi na moja 2024

Antoine,

Mama yuko mzima na jino la mtoto limemfurahisha kwa siku nzima.

Sola zimefika. Lori lilikwama mbele ya mto, mvua imeanza na nguvu ambazo hatukuzizoea, na vijana wa hapa walizibeba vichwani, vioo vikubwa vimefungwa katoni, Feruzi mbele akipiga kelele watu wasianguke. Mafundi walikaa siku chache, wakaondoka na grupu. Tuliwasaidia kuipandisha kama tulivyoahidi. Ikawa kimya pale mnarani. Kwa miaka yote tulikuwa tunasikia ile mashine, Mamy alisema sasa anasikia ndege.

Nisikufiche mabaya. Feruzi hawakumrudisha. Wamesema sola haina haja ya mtu wa kumimina mazuti, na ulinzi wamepewa watu wengine kutoka Kasongo. Amelipokea kwa utulivu unaoniogopesha. Analima sasa, shamba la baba yake, kwenye kilima ambako maji hayafiki.

Siku rezo iliporudi wote walikimbilia simu zao. Mimi nilikupigia wewe kwanza. Nilikuwa nimesimama mlangoni, Mama pembeni anangoja zamu yake. Mtu alipokea kwa Lingala. Nikadhani nimekosea. Nikasema, "Nataka Antoine."

Akaniuliza kwa Kiswahili kibovu, "Wewe ni nani?"

"Ni dada yake, wa Maniema."

Akasema, "Mama, namba hii ni ya kampuni. Nimepewa mimi. Antoine walimutosha kazi, walimufukuza, yeye na ule dada wa programu, siku moja. Haukujua?"

Nikamshukuru. Nikamwambia Mama kwamba rezo imekatika.

Mpaka leo Mama anadhani rezo inakatika. Umenifanya mwongo nyumbani mwangu, na hilo sikulitegemea kutoka kwako. Uliandika "mimi niko." Uko wapi? Mnakula nini? Ulikaa chini ukaniandikia habari za Chancelle na mkoba wake, na wewe mwenyewe ulikuwa na mlinzi nyuma yako. Nilikuuliza kwa ukali mnafanya nini huko. Ungeniambia.

Niandikie kweli.

Dada yako,
Émérance


Kinshasa, tarehe 1 mwezi wa kumi na mbili 2024

Yaya wangu,

Salamu kwa Mama, na leo nianze na kweli ndipo zifuate habari nyingine.

Walituita mimi na Chancelle pamoja. Kabla hawajanipokonya kadi ya mlango niliangalia kioo mara ya mwisho, na Lusangi ilikuwa bado kijivu. Sikukuambia kwa sababu barua yako ilikuwa imejaa watu walioketi mbele ya lango, na mimi nilikuwa nimeondolewa kwenye lango langu bila kuketi. Na niliogopa Mama aseme rudi nyumbani, nikubali.

Tunakula. Aimée anashona, mimi natengeneza simu na kompyuta za watu kwenye kibanda karibu na shule. Mkono wangu umekuwa mwepesi tena, nilikuwa nimesahau kushika bisibisi. Kuna siku nina hasira tangu asubuhi na siwezi kusema ni ya nani. Majani bado yako kwenye magari yao. Wametoa picha ya mnara wenu na sola zake, wamekata uzio kwenye picha na watu wote waliokuwa nyuma yake.

Waliobaki ndani bado wanakutana, si nyuma ya jengo tena. Michel amerudi. Alikuja kibandani kwangu na simu ambayo haikuwa na kasoro yoyote, akaniomba niikague, akakaa kwenye benchi muda mrefu, mwishowe akaniambia wameandika upya yale madai, na safari hii wameandika kwamba mnara wowote usizimwe kabla ya kuulizwa wanaoutumia na anayeulinda. Jina lake liko la kwanza. Nilimwambia habari ya Feruzi. Alisema ataongeza na hilo: mlinzi asiachwe. Sijui kama watakubaliwa. Minara mingi bado ni kijivu, na mvua unayoniambia imeanza na nguvu imeanza na hapa, jana tumetoa maji ndani kwa ndoo.

Usimwambie Mama kwamba rezo ilikatika. Mwambie nilifukuzwa. Akisema nirudi, nitamsikiliza mpaka amalize.

Djamali atakupa namba yangu mpya. Siku ya kunipigia, muulize kwanza Mamy kama anataka kuzungumza na mimi. Akikubali, mpe simu umwache peke yake. Sina la kumwambia lililo kubwa kuliko yeye, nitasikiliza tu. Akikataa, ni haki yake, basi nipigie wewe, unielezee mpunga umeota vipi.

Mdogo wako,
Antoine